Bodi ya pili ya renjifainda: filamu au dijitali? Mwongozo kamili wa kuamua, kukagua na kununua

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana kamera moja ya renjifainda, anaipenda, na sasa anatafuta bodi (kamera bila lenzi) ya pili. Huenda ya kwanza ni Leica M10 ya dijitali na moyo unavutwa na M6 ya filamu. Huenda ni Bessa ya filamu na umechoka kusubiri picha. Watu wengi huanza na swali la filamu au dijitali, wakabaki hapo miezi na miezi. Kwa maoni yangu swali hilo halifai kutangulia. La kwanza ni hili: bodi uliyonayo inashindwa kazi gani? Ukilijibu kwa ukweli, mara nyingi la filamu au dijitali litakuwa limeshajibika.

Tukumbushane kwanza jinsi kamera hizi zinavyofanya kazi, maana uamuzi wote unasimama hapo. Huangalii kupitia lenzi. Unaangalia kupitia dirisha, na katikati yake kuna kiraka kidogo chenye taswira ya pili inayotoka kwenye kidirisha cha pembeni. Ukizungusha lenzi, taswira hiyo inasogea. Zikikaa moja juu ya nyingine, umefokasi. Mfumo huu wa vioo, nyenzo na kigurudumu kinachogusa nyuma ya lenzi umebadilika kidogo sana kati ya Leica M3 ya mwaka 1954 na M11 ya mwaka 2022. Dirisha la M6 ya kawaida lina ukuzaji wa 0.72 (1 ingekuwa sawa na jicho tupu), la M10 lina 0.73. Kwa hiyo anayesema anataka filamu ili apate ladha ya renjifainda, na tayari ana M ya dijitali mkononi, ladha hiyo anayo. Kinachobadilika ni vitu vingine: mwanga unaoweza kuufanyia kazi, gharama ya kila picha, muda wa kusubiri, na miaka ambayo bodi itaishi.

Hatua ya 1: Andika picha zilizokukimbia

Chukua daftari, pitia kazi zako za miezi michache iliyopita, na uandike zile ulizozikosa na sababu yake. Usiandike unachotamani, andika kilichotokea. Ulikuwa unabadilisha lenzi bibi harusi alipoingia? Giza lilikushinda ukumbini? Mteja alitaka picha usiku ule ule na wewe una filamu mfukoni? Betri ilikata safarini na umeme haupo? Au unarudi nyumbani na picha mia tano ambazo huna hamu ya kuzifungua?

Kila jibu lina mwelekeo wake. Kama shida ni kubadilisha lenzi, unahitaji bodi ya pili inayofanana sana na ya kwanza, ya aina ile ile: moja ikae na lenzi ya milimita 28, nyingine na ya 50, na usibadilishe chochote siku nzima. Hapa kuchanganya filamu na dijitali kunaongeza mzigo, kwa sababu nusu ya tukio itakuwa tayari leo na nusu itakuja baadaye, ikiwa na rangi tofauti. Kama shida ni giza au haraka ya mteja, jibu ni dijitali na hakuna mjadala. Kama shida ni umeme, au ni kule kupiga picha nyingi bila kuziangalia, filamu ina hoja nzito.

Kuna kundi moja ambalo nawaomba wajiangalie vizuri: wale wanaotaka filamu ili iwafunze utulivu. Kama kinachokusumbua ni kuinamia kioo cha nyuma kila baada ya picha, zipo bodi za dijitali zisizo na kioo kabisa: M-D ya mwaka 2016, M10-D ya 2018 na M11-D ya 2024. Na kabla ya kulipa hata senti, ziba kioo cha bodi yako kwa kipande cha karatasi na gundi, upige hivyo kwa majuma kadhaa. Ukitulia, umeokoa pesa nyingi. Usipotulia na bado unaiota filamu, basi hamu yako ni ya filamu yenyewe, rangi na chembe zake, na hiyo ni sababu halali.

Hatua ya 2: Weka lenzi zako mezani

Bodi ya pili inanunuliwa kwa ajili ya lenzi ulizonazo. Anayependa 50 atafurahia M3, kwa sababu dirisha lake la 0.91 linakuza kitu karibu kama jicho linavyokiona, na fremu ya 50, yaani mistari inayoonyesha mipaka ya picha ya lenzi hiyo, inalijaza vizuri. Lakini M3 haina fremu ya 35. Mpenzi wa 35 atafute M2, yenye fremu za 35, 50 na 90 na dirisha safi kuliko yote ninayoyajua. Wa 28 anaanzia M4-P au M6. Mwenye lenzi pana zaidi aiangalie Voigtländer Bessa R4M au R4A, zenye ukuzaji wa 0.52 na fremu zinazofika 21.

Upande wa dijitali, angalia ukubwa wa kihisi. Epson R-D1 ya mwaka 2004, renjifainda ya kwanza ya dijitali, na Leica M8 ya 2006 zina vihisi vidogo kuliko fremu ya filamu. Lenzi yako ya 35 inakuwa kama 53 kwenye Epson na kama 47 kwenye M8. Kuanzia M9 ya mwaka 2009, Leica M zote za dijitali zina kihisi kizima cha milimita 24 kwa 36, na 35 inabaki 35.

Lenzi pana za zamani zina jambo lao. Kioo chao cha nyuma kinakaa karibu sana na filamu, na mwanga unafika kwenye pembe ukiwa umelala. Filamu hailalamiki. Kihisi hulalamika: pembe zinapata rangi ya zambarau au kijani na undani unapotea. Voigtländer 15mm f/4.5 ya awali ni mfano unaojulikana. Toleo la tatu lilitengenezwa upya kwa kuzingatia vihisi. Kama mfuko wako umejaa lenzi pana za miaka hiyo, filamu itazitendea haki kuliko dijitali.

Lenzi za skrubu za milimita 39, zikiwemo za Kirusi za FED na Zorki, zinaingia kwenye bodi za M kwa adapta ya milimita moja, kwa sababu umbali kutoka mdomo wa lenzi hadi filamu ni 28.8 upande wa skrubu na 27.8 upande wa M. Ila za Kirusi mara nyingi hazifokasi sawasawa kwa karibu zikiwa kwenye Leica. Kwenye filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kuhisi mwanga) huenda usione. Kwenye M11 yenye megapikseli 60 utaona kila kope iliyokosa.

Hatua ya 3: Pima jua la kwenu na taa za kwenu

Miongozo mingi ya kamera hizi imeandikwa na watu wa Ulaya, kwenye mawingu. Ukanda wetu ni mwingine, na hapa nataka tukae kidogo.

Jua la saa sita mchana, bila wingu: kanuni ya zamani inasema tundu la lenzi liwe f/16 (namba ikipungua, tundu linapanuka), na kasi ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga, iwe sawa na ISO. Kwa filamu ya ISO 400 hiyo ni kama 1/400 kwa f/16. Bodi za filamu za Leica M zinaishia 1/1000. Maana yake, mchana wa Zanzibar ukiwa na filamu ya 400 hutaweza kufungua zaidi ya takriban f/11. Ile lenzi ya f/1.4 uliyoilipia fedha nyingi italala hadi alasiri. Kwa filamu ya ISO 100 unafika f/5.6. Bessa inafika 1/2000, ikakupa stopu moja zaidi (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu). M240 ya dijitali, kwa ISO 200 na 1/4000, inakupa f/4. M11 inashuka hadi ISO 64, na shata yake ya kielektroniki inafika 1/16000, hivyo f/1.4 inawezekana kwenye jua kali kabisa, ingawa shata hiyo hupinda vitu vinavyokimbia. Mwenye filamu anaweza kufunga kichujio cheusi mbele ya lenzi, na kwenye renjifainda dirisha halitiwi giza kwa kuwa huangalii kupitia lenzi. Hilo ni pambo la kweli la kamera hizi.

Mwanga wa flashi mchana ni hadithi nyingine. M6 inalingana na flashi kwa 1/50 tu. Kwa ISO 400 juani, 1/50 ingehitaji f/45, ambayo lenzi zako hazina. M10 inalingana kwa 1/180, Bessa kwa 1/125. Kama unapiga harusi za nje na unajaza vivuli vya uso kwa flashi, bodi ya filamu ya Leica itakukwamisha.

Sasa upande ambao filamu inashinda. Fikiria mzee mwenye ngozi nyeusi, amevaa kanzu nyeupe, amesimama nje ya msikiti baada ya adhuhuri. Tofauti kati ya kanzu na uso ni kubwa mno. Dijitali ikizidishiwa mwanga, kanzu inaungua: panabaki weupe mtupu, mshono na mkunjo vimekwenda, na hakuna programu ya kuvirudisha. Kwa hiyo kwenye dijitali unapima kwa ajili ya kanzu, unaacha uso uwe na giza, halafu unauinua kwenye kompyuta; M10 na M11 zinavumilia hilo vizuri, M9 inaanza kuonyesha mistari na chembe. Filamu negativu ya rangi inakwenda kinyume. Inavumilia mwanga kuzidi kwa stopu mbili hata tatu, inachukia mwanga pungufu. Kwa hiyo unapima uso, unaacha kanzu ijitafutie njia, na kwenye negativu mshono wa kola bado upo. Kwa anayepiga watu wetu chini ya jua letu, hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote za filamu. Haina haja ya mapenzi ya zamani kuitetea. Ijaribu kwa roli moja, utaiona.

Usiku mizani inageuka. Ukumbi wenye taa za tyubu, kwa ISO 400 na f/2, unakupa kama 1/30, na mtu anayecheza atakuwa moshi. Dijitali kwa ISO 3200 inakupa 1/250 hapo hapo. Filamu nyeusi-na-nyeupe kama Ilford HP5 Plus unaweza kuisukuma hadi 1600 kwa kuongeza muda wa kuisafisha, chembe zikanenepa na vivuli vikafunga. Kwa muziki wa dansi jukwaani inapendeza. Kwa picha ya bibi yako akiwa na wajukuu chini ya balbu moja, sidhani.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya miaka mitatu

Jumlisha bei ya roli moja, kuisafisha na kuiskani, kisha gawa kwa 36. Tuseme kwako jumla ni shilingi 54,000 za Tanzania: kila picha ni 1,500, nzuri na mbaya. Ukipiga roli mbili kwa mwezi, mwaka ni 1,296,000, na miaka mitatu ni 3,888,000. Weka bei zako halisi mahali pa hizo zangu. Kisha linganisha na tofauti ya bei kati ya bodi ya filamu na ya dijitali unazozitazama.

Usisahau upande wa pili wa daftari. Bodi ya filamu iliyotunzwa haipotezi thamani kwa kasi. M3 zilizotoka kiwandani kabla ya uhuru wetu bado zinauzwa kwa bei ya heshima. M8 leo inauzwa chini ya nusu ya bei yake ya mwaka 2006. Dijitali ina tarehe ya mwisho hata kama hakuna aliyeiandika, kwa sababu betri, kihisi na bodi za umeme zikikosa vipuri, safari imekwisha.

Nyeusi-na-nyeupe inaweza kupunguza gharama sana ukisafisha mwenyewe. Roli kubwa ya futi 100, yaani mita 30.5, inatoa roli kama 18 za picha 36. Tatizo la pwani ni joto la maji. Muda wa HP5 Plus katika dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ni dakika 13 kwa nyuzi 20. Maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi yanapita nyuzi 26. Ukipandisha hadi 24, muda unashuka hadi kama dakika 9, na bado unaweza kufanya kazi safi. Juu ya hapo muda unakuwa mfupi mno na makosa madogo yanaonekana. Kwa hiyo weka chupa za dawa kwenye beseni la maji yenye barafu, pima kwa kipimajoto, na maji ya suuza yasitofautiane sana na ya dawa. Watu wa Nairobi na Arusha hawapati shida hii. Filamu ya rangi kwa C-41, utaratibu wa kawaida wa kuisafisha, inataka nyuzi 37.8, dakika tatu na robo kwenye dawa ya kwanza, na hapo joto letu linasaidia badala ya kuudhi.

Hatua ya 5: Tafuta fundi na msafishaji kabla ya kamera

Hatua hii watu wanairuka. Studio zenye mashine za kusafisha rangi zimepungua mno Afrika Mashariki. Kabla ya kununua bodi ya filamu, peleka roli moja kwa anayetarajiwa kuwa msafishaji wako, hata kama umeipiga kwa kamera ya kuazima. Angalia negativu dhidi ya dirisha: mikwaruzo mirefu inayokwenda roli nzima inatokana na mashine chafu au kamera yenye mchanga, na madoa ya maji yanaonyesha haraka ya kukausha. Uliza dawa hubadilishwa lini. Msafishaji anayepokea roli chache anaweka dawa ikazeeka.

Kama utasafirisha filamu kwa ndege, iombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za kiwanja cha ndege zinazotumia teknolojia ya CT zinaharibu filamu ambayo haijasafishwa, hata ya ISO ya chini. Iweke kwenye mfuko unaoonekana ndani, nje ya maboksi, na useme kwa adabu mapema, kabla begi halijaingia kwenye mkanda. Kwenye begi la kupakia chini usiweke kamwe.

Fundi: renjifainda hupotea mstari kwa mitikisiko. Kamera inayopanda bodaboda kila siku italegeza skrubu zake, iwe filamu au dijitali. Fundi hodari wa kamera za makenika anaweza kusafisha shata ya M2. Kihisi cha M10 kitarudi Ulaya. Ukituma bodi nje kutengenezwa, iandikishe forodhani kabla haijaondoka, ukiwa na namba yake, ili ikirudi isihesabiwe kama bidhaa mpya.

Hatua ya 6: Amua

Ya kwanza yako ni dijitali na unapiga kazi za kulipwa: nunua dijitali ya pili, hata ya kizazi cha nyuma. M240 iliyotumika ni chaguo la busara. Ni nene kidogo, lakini betri yake inadumu kuliko ya M10. Filamu isubiri.

Ya kwanza ni dijitali na unapiga kwa mapenzi yako: nunua filamu, kwa sharti kwamba hatua ya 5 imekamilika. Na chagua ya makenika. M6, iliyotengenezwa kuanzia 1984 hadi 2002 na kurudishwa 2022, inatumia betri kwa kipima mwanga tu. Ikifa, shata inafanya kazi kasi zote. M7 ikikosa betri inabaki na 1/60 na 1/125. Zeiss Ikon, Bessa R2A na R3A, na Konica Hexar RF zinasimama kabisa. Bessa R2M na R3M ni za makenika, na kwa maoni yangu ndizo zinazotoa thamani kubwa kuliko zote kwa anayeanza filamu akiwa na lenzi za M.

Ya kwanza ni filamu: nunua dijitali, na jitahidi ufike M240 au M10. M8 inavutia kwa bei, lakini kichujio chake cha miali ya infraredi ni dhaifu, na vitambaa vyeusi vya sintetiki vinatoka na rangi ya zambarau. Piga mabuibui kumi harusini uone. Dawa yake ni kichujio maalumu mbele ya kila lenzi. M9 ina rangi ambazo wengi wanazipenda, nami ni mmoja wao, ila kioo kinachofunika kihisi chake huliwa na kutu. Leica ilibadilisha vingi bure, na mpango huo umekwisha. Nunua M9 iliyobadilishiwa kihisi tu, kwa ushahidi wa karatasi.

Ya kwanza ni kamera ya lenzi isiyotoka, kama Canonet QL17 GIII au Yashica Electro 35: bado hujafungwa na mfumo wowote. Canon P yenye lenzi ya skrubu ni mlango mzuri na wa bei nafuu kuingilia, na shata yake ni ya chuma.

Hatua ya 7: Kagua kwa mkono

Nenda na tochi ndogo, kitambaa safi, na roli moja au memori kadi yako.

Anza na renjifainda. Elekeza kwenye kitu kilicho zaidi ya kilomita moja, mnara wa simu kwa mfano, au mwezi kama ni jioni. Zungusha lenzi hadi mwisho wake. Taswira mbili lazima zikae pamoja kabisa. Zikipishana kulia au kushoto, fundi anaweza kurekebisha. Zikipishana juu na chini, pia, ila ni kazi ya ndani zaidi. Rudia kwa kitu cha mita moja. Kisha angalia kiraka chenyewe: kikiwa kimefifia au kina ukungu, vioo vimechoka. Kwenye M3 gundi ya prizimu huachia, dirisha likaingia weusi, na matengenezo yake ni ghali.

Kwa filamu: piga shata kwa sekunde moja na usikilize. Mlio uwe mmoja, usiokwama. Shuka hadi 1/15, kisha 1/1000. Toa lenzi, ingia mahali penye giza, washa tochi mbele ya shata iliyofungwa na uangalie kwa nyuma. Nukta yoyote ya mwanga ni tundu. Shata za Leica za filamu ni za kitambaa chenye mpira, na lenzi iliyofunguliwa ikitazama jua huweza kukitoboa. Kwa jua letu hili, kagua hilo mara mbili, na kamera ikishakuwa yako, ifunike lenzi kila unapoiweka chini. Vuta wenzo wa filamu polepole: usikwaruze wala kuruka. Kwa Zorki na FED kumbuka kuvuta wenzo kwanza ndipo ubadilishe kasi ya shata. Muuzaji asiyelijua hilo huenda ameshaiharibu.

Kwa dijitali: weka f/16, piga anga tupu au ukuta mweupe ukiwa umeharibu fokasi kwa makusudi, kisha kuza picha. Vidoa laini vya kijivu ni vumbi na vinafutika. Kidoa chenye kiini cheusi na duara jeupe kukizunguka, kwenye M9, ni ile kutu. Funika lenzi, piga kwa ISO ya juu utafute mistari. Uliza betri ni za asili na ngapi, chaja ipo, na betri mpya zinapatikana wapi. Muuzaji akikataa usitie kadi yako, aga vizuri uondoke.

Lenzi zipigie tochi kutoka nyuma: nyuzi nyembamba kama za buibui ni kuvu, ugonjwa wa pwani. Ukungu wa jumla husafishika, kuvu iliyokula kioo haiondoki.

Hatua ya 8: Zifundishe bodi mbili kuishi pamoja

Kama moja ni filamu na nyingine dijitali, weka dijitali ISO ile ile ya filamu iliyomo. Kipimo unachokiona huku unakihamishia kule bila hesabu, na M2 isiyo na kipima mwanga inapata mwalimu wa bure. Bandika kipande cha plasta nyeupe chini ya bodi ya filamu, uandike jina la filamu na tarehe uliyoitia.

Angalia pia mwelekeo wa gurudumu la kasi. M6 TTL, M7 na bodi za dijitali zinazunguka upande mmoja. M3, M2, M6 ya awali na ya 2022, na MP (Leica nyingine ya filamu) zinazunguka kinyume. Vidole vinavyojua njia moja vitakosea kwenye nyingine wakati wa haraka. Anayetaka kubeba filamu na dijitali begani kwa pamoja, M6 TTL au M7 itamrahisishia.

Gawa lenzi kwa bodi na usibadilishe juani kwenye upepo wa bahari. Chembe ya chumvi ikiingia kwenye filamu inaharibu fremu moja na kuondoka nayo; kwenye kihisi inabaki hadi uisafishe. Mimi ningempa dijitali lenzi pana ya ndani ya nyumba, na filamu 50 ya nyuso za mchana.

Nyumbani, ziweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na paketi za silika na kipima unyevu kidogo, sindano ikae kati ya asilimia 40 na 50. Paketi zikishiba unyevu zikaushe kwenye jiko la oveni kwa moto mdogo. Filamu ambazo hazijapigwa zikae kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na ukitoa moja, iache saa kadhaa ipate joto la chumba kabla ya kufungua kikopo chake, isije ikatokwa jasho. Bodi ya filamu iliyopumzika mwezi mzima, ipige shata kasi zote mara kadhaa bila filamu, na ya dijitali toa betri yake.